Leta Daftari Tulione

Sanduku la kikoba cha shangazi yangu lina kufuli tatu. Ni sanduku la chuma la rangi ya kijani, na rangi yenyewe imeshaanza kubanduka pembeni. Linalala nyumbani kwa mweka hazina, lakini mweka hazina hana hata ufunguo mmoja. Funguo ziko kwa akina mama watatu wanaokaa mitaa tofauti. Jumamosi saa kumi jioni, wote watatu wakishafika, sanduku linafunguliwa, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, kisha katibu anasoma daftari kwa sauti: huyu kanunua hisa tano, yule anadaiwa faini ya kuchelewa, mwingine karejesha mkopo na amebakiza elfu arobaini. Mwenye wasiwasi anauliza hapo hapo. Mweka hazina ndiye shangazi yangu, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Nimewahi kumwona akimnyima mdogo wake wa tumbo moja mkopo wa elfu hamsini kwa sababu hakuwa na mdhamini wa pili.

Mpenzi msikilizaji, habari za jioni. Nimeanza na sanduku hilo kwa sababu mama huyu huyu, mwaka juzi, alituma shilingi 1,200,000 kwa awamu nne kwenye mradi wa sarafu ya mtandaoni. Hakuona daftari. Hakujua funguo ziko kwa nani. Pesa ile haijarudi, na siamini kama itarudi. Ameniruhusu nilisimulie jambo lake hapa redioni, nami namshukuru, maana wengi waliopatwa na haya wanakaa nayo kimya, wengine hata mume au mke hajui.

Nilipomuuliza kilichomshawishi, hakutaja teknolojia, hakutaja utajiri. Aliniambia: "Aliyenileta ni mtoto wa dada yangu. Na yeye alikuwa ameshatoa mara mbili."

Kijana hakumdanganya. Alituma laki mbili, baada ya siku chache akatoa laki mbili na nusu, ikaingia kwenye simu yake kweli. Akarudia, akatoa tena. Akanunua bati, na bati hizo ziko juu ya nyumba yake hadi leo. Pesa aliyotoa ilikuwa ya watu walioingia nyuma yake. Ya shangazi nayo ikamlipa mtu mwingine asiyemjua, naye huyo akapata ushahidi wa kumwonyesha mwenzake. Hakuna sarafu iliyochimbwa, hakuna biashara iliyofanyika. Ni upatu ule ule ambao sheria yetu ya Tanzania imeukataza, ule ambao wenye umri wa kutosha waliuona kuanzia mwaka 2007 wakati wa mradi wa DECI, watu waliposema wanapanda na kuvuna. Jina tu limebadilika. Zamani tulipanda mbegu, leo tunaambiwa tunachimba sarafu.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Sarafu za mtandaoni zenyewe si utapeli. Bitcoin ilianza kufanya kazi Januari 2009, na kiini chake ni daftari. Kila muamala tangu ule wa kwanza umeandikwa kwenye kumbukumbu ambayo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua na kuisoma bila kuomba ruhusa. Huwezi kuchana ukurasa peke yako, maana wenzako wana nakala. Wataalamu wanaiita blokucheni. Mimi naiona kama daftari la kikoba linalosomwa kwa sauti mchana na usiku. Bei ya Bitcoin inapanda na kushuka vibaya sana, na unaweza kupoteza pesa nyingi pasipo mtu yeyote kukutapeli. Hiyo ni hatari ya soko. Ninayoizungumza jioni hii ni hatari ya kukabidhi pesa mahali ambapo hakuna soko, wala daftari, wala sarafu.

Nitakupa mfano mkubwa kuliko yote niijuayo. Mwaka 2014, mjini Sofia, Bulgaria, ilianzishwa sarafu iliyoitwa OneCoin. Mwanzilishi aliyejulikana zaidi ni Ruja Ignatova, mwanamke mzaliwa wa Bulgaria aliyekulia Ujerumani, mwenye shahada ya uzamivu ya sheria. Watu walimwita Dokta Ruja. Juni 2016 alisimama jukwaani Wembley, London, akiwa amevaa gauni refu, mbele ya maelfu ya watu, akawaambia kwamba baada ya miaka miwili hakuna atakayeizungumzia Bitcoin tena. Walimshangilia kwa nguvu. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema waliotapeliwa wanazidi milioni 3, na pesa iliyokusanywa inafika dola bilioni 4. Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi ilikouzwa. Mwandishi wa BBC aliyefuatilia habari hii alifika huko akakuta watu waliouza mali zao ili wanunue.

Sasa sikiliza namna ilivyouzwa. Hukuuziwa sarafu moja kwa moja. Uliuziwa kifurushi cha masomo ya fedha, kuanzia euro mia na kitu hadi zaidi ya euro laki moja, na ndani ya kifurushi mlikuwa na vitu walivyoviita tokeni, ambavyo eti vingechimba OneCoin. Ukimleta mwenzako unapata kamisheni, na mwenzako akimleta mwenzake unapata tena. Kwenye akaunti yako uliona namba. Bei ya OneCoin moja ilianza nusu euro, na kufikia Januari 2019 ilitajwa kuwa karibu euro 30. Katika miaka yote hiyo haikushuka hata siku moja. Nenda soko la Kariakoo, nenda Kilombero Arusha, nitafutie nyanya isiyoshuka bei kwa miaka minne. Bei ya kitu kinachouzwa na kununuliwa lazima iyumbe, kwa sababu watu wanabadili mawazo, mvua inanyesha, mzigo unazidi. Bei isiyoshuka kamwe inaandikwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu yake. Mahakamani Marekani ndivyo ilivyobainika: bei ya OneCoin ilipangwa na wenyewe ofisini.

Na daftari je? Hapa ndipo pananikaa moyoni kuliko mahali pengine. Mwishoni mwa mwaka 2016, mtaalamu mmoja wa blokucheni kutoka Norway, Bjorn Bjercke, alipigiwa simu na mtu wa kutafuta wafanyakazi. Kazi nono, mshahara mkubwa, nyumba, gari. Akauliza kazi yenyewe ni ipi. Akaambiwa, kuijengea kampuni ya sarafu blokucheni. Akauliza, kwani sasa hivi hawana? Hawana. Alipojua kampuni ni OneCoin, akaikataa kazi, akaanza kuwaambia watu hadharani: mnanunua sarafu isiyo na daftari. Wakati huo sarafu ilikuwa imeuzwa miaka miwili. Wapo waliomsikia. Wapo waliomtukana na kumtishia maisha, na kwa aliyeweka pesa, kumwamini Bjercke kulimaanisha kukubali kwamba zimekwenda. Hilo silishangai. Shangazi yangu alinuna wiki nzima nilipomwambia mara ya kwanza.

Januari 2017 ukumbi pekee wa kubadilishia OneCoin kuwa pesa, nao ulikuwa wa wenyewe, ukafungwa. Watu wakaambiwa wasubiri. Oktoba mwaka huo walikusanyika Lisbon, Ureno, wakimsubiri Dokta Ruja aeleze. Hakutokea. Tarehe 25 Oktoba 2017 alipanda ndege Sofia kwenda Athens, na tangu hapo hajaonekana hadharani. FBI ilimweka kwenye orodha ya watu 10 wanaotafutwa zaidi mwaka 2022, na mwaka 2024 zawadi ya atakayesaidia kumkamata ikapandishwa hadi dola milioni 5. Mwanzilishi mwenzake, Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 Septemba 2023.

Angalia na kitu kingine: hata baada ya mwanamke yule kutoweka, watu waliendelea kununua. Namba kwenye skrini ziliendelea kupanda.

Mtu atasema, basi tukiona daftari tumepona. Hapana, bado. Siku hizi kutengeneza sarafu mpya juu ya blokucheni ya watu wengine ni kazi ya dakika chache, na daftari lake litaonekana kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 2021 ilitoka sarafu iliyoitwa SQUID, ikibebwa na jina la tamthilia ya Korea iliyokuwa inatazamwa dunia nzima. Ndani ya siku chache bei yake ikapanda kutoka senti hadi zaidi ya dola 2,800. Tarehe 1 Novemba, katika dakika chache, ikaanguka hadi karibu sifuri, na waanzilishi wakaondoka na dola zaidi ya milioni 3. Walionunua walikuwa wameanza kulalamika mapema kwamba wanaweza kununua lakini hawawezi kuuza. Daftari lilikuwepo, mlango wa kutokea haukuwepo. Kwa hiyo ukitaka kununua chochote, jaribu kwanza kukiuza. Weka kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa, kitoe chote mpaka kiwe shilingi mkononi mwako, na ujue ni nani aliyekinunua. Kutoa faida ndogo hakutoshi, maana faida ndogo ndiyo chambo, kama ile ya bati.

Hapo kwenye kutoa nitakaa kidogo, kwa sababu matapeli wametusoma vizuri. Sisi watu wa pesa za simu tuna neno letu, "ya kutolea". Mtu akikuomba elfu ishirini anaongeza, "tuma na ya kutolea." Tumezoea kwamba kutoa pesa kuna gharama, na hatuoni ajabu. Shangazi alipobonyeza kutoa, skrini ikamwambia salio lake ni zaidi ya milioni tatu, ila ili litoke atume kwanza 180,000 ya kodi. Akatuma. Wakamwambia akaunti inahitaji kuthibitishwa, 90,000. Akatuma. Kwake ilikuwa ya kutolea. Lakini tafakari na mimi, msikilizaji: wakala wa pesa za simu hajawahi hata siku moja kukwambia uongeze pesa mpya kwenye simu ndipo akupe zako. Makato yanakatwa kwenye salio ulilonalo. Kama una milioni tatu mahali, na kodi ni laki moja na themanini, wakate humo humo wakupe inayobaki. Wakishindwa kukata humo, ujue humo hamna kitu. Hii naomba uiseme leo mezani, uiseme kwa mama mkwe, uiseme kwa kijana wa bodaboda anayekuleta nyumbani.

Kuhusu faida wanazoahidi, hesabu ndogo inatosha. Wengi wanasema asilimia 1 kwa siku, na kweli inasikika ndogo. Shilingi 100,000 ikikua kwa asilimia 1 kila siku, na faida ikizaa faida, baada ya mwaka ni karibu shilingi 3,780,000. Baada ya miaka miwili ni zaidi ya milioni 142. Hati fungani za Serikali haziwezi kukupa hata asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye mashine ya kugeuza laki moja kuwa milioni 142 hana shida na laki yako.

Desemba 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ghafla ofisi zake za Masaka na Kampala, Uganda. Iliahidi faida ya asilimia 40. Waliopoteza ni maelfu, wakiwemo vijana walioajiriwa na kampuni yenyewe ambao nao walitakiwa kuweka pesa. Naitaja kwa ajili ya jina lake. Dunamis ni neno la Kigiriki linalomaanisha nguvu, na walokole wanalijua kutoka madhabahuni. Jina kama hilo likisikika, masikio yanalegea. Miradi hii haitufikii kwa wageni. Inakuja kupitia kwaya, msikiti, chama cha wastaafu, grupu la WhatsApp la waliosoma pamoja. Anayekuletea anakupenda kweli, na hajui. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "usimwamini mtu". Sisi hatuwezi kuishi hivyo. Mwamini mtoto wa dada yako, mpe chakula, mwachie na watoto. Lakini upendo wako kwake si daftari la kampuni asiyoijua hata yeye.

Na ukipigiwa simu au kuandikiwa na mtu mpole usiyemjua, anayekuuliza habari za afya kwa wiki tatu kabla hajataja sarafu, jua kwamba huenda hata yeye si huru. Agosti 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia wanashikiliwa kwenye makambi na kulazimishwa kutapeli kwa njia ya mtandao. Wakenya na Waganda wamo. Waliahidiwa kazi ya kompyuta Thailand, wakavushwa mpaka, wakanyang'anywa pasipoti, wakapewa simu na maandishi ya kusoma, na asiyefikisha lengo anapigwa. Kwa hiyo kuna mama mmoja Nakuru au Mbale anayelia kwa ajili ya mwanawe aliyeko huko, na kuna mama mwingine mahali pengine anayelia kwa sababu ya ujumbe ulioandikwa na kijana yule. Nikiwaza hili nashindwa kumkasirikia mtu wa upande wa pili wa simu. Hasira yangu naiweka kwa mwenye kambi.

Sheria zetu zimekuwa zikibadilika. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si halali nchini, Rais Samia akaitaka benki hiyo mwaka 2021 ianze kujiandaa kwa mabadiliko, na mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Wenye miradi wanayachanganya haya makusudi. Wanasema, "Serikali inatutoza kodi, kwa hiyo sisi ni halali." Kutozwa kodi si kupewa leseni. Wanatundika ukutani cheti cha BRELA, na cheti ni cha kweli, lakini BRELA inasajili jina la biashara na kampuni, mwenyewe awe muuza mchele au fundi seremala. Ruhusa ya kupokea amana za watu inatoka Benki Kuu, na ya kuuza uwekezaji kwa umma inatoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Andika jina la kampuni kwenye karatasi, nenda au wapigie simu, uliza. Kwa wasikilizaji wetu wa Kenya, Bunge lenu lilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na wasimamizi ni Benki Kuu pamoja na mamlaka ya masoko ya mitaji. Ulizeni huko leseni namba ngapi, msiulize kwenye grupu.

Kwenye grupu utajibiwa haraka, na majibu yatakuwa matamu. Ukitaka kujua grupu ni la namna gani, uliza swali moja la adabu: mnunuzi wa sarafu hii ni nani? Kisha tazama. Shangazi aliuliza, siku zile alipoanza kushtuka. Wenye picha za miamala walinyamaza, admini akamwambia ana roho ya umaskini, na baada ya dakika kumi akawa ameondolewa. Katika kikoba chake hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa kwa kuuliza pesa iko wapi. Siku ya kwanza kabisa ya kuanzishwa walikubaliana kwamba swali hilo halina faini.

Jambo la mwisho lilitokea juzi Jumatano, nikiwa nimekaa naye uani anachambua mboga. Simu yake ikaita, namba ngeni. Mwanaume mwenye Kiswahili kizuri, akamtaja jina lake kamili, akataja na kiasi alichopoteza hadi mia ya mwisho. Alisema yeye ni wakili, wanakusanya waliotapeliwa ili warejeshewe, faili lake liko tayari, na linahitaji 150,000 ya kufungulia. Orodha ya waliopigwa huwa inauzwa, msikilizaji. Aliyekula mara ya kwanza anamuuzia atakayejaribu mara ya pili, naye anakuja na huruma mdomoni.

Shangazi hakukata simu. Aliweka sauti kubwa nami nisikie, akaufuta mkono kwenye kanga, akamwambia: "Mwanangu, sisi tunakutana Jumamosi saa kumi. Njoo na daftari ulisome mbele ya wenzangu, na hiyo laki na nusu ikate kwenye hizo zangu unazozishika."

Mtu yule akanyamaza kidogo, kisha akauliza, wenzako ni wangapi?

"Ishirini na nane," akamjibu, na simu ikakatika.